Makumbusho ya Kijiji Huanzaje?

Msingoje jengo. Kule Lari, mwaka 2001, wazee waliokuwa Mau Mau na waliokuwa homugadi walianzisha pamoja makumbusho ya amani, ingawa mauaji ya Machi 1953 yalikuwa yamewatenga miaka karibu 50. (Hebu fikiri, kuketi benchi moja!)

Mchango wa kwanza si pesa, ni vifaa vya nyumbani. Kwa Wapokot, mshipi wa mama uitwao leketyo ukiwekwa katikati ya wanaopigana, vita husimama. Lakini mtoto wa shule hawezi kujua hayo kwa kuutazama tu. Mwiteni mama mwenyewe aeleze.

Kwenye daftari andikeni aliyeleta ni nani, na kama amepeana kabisa ama ameazima tu. Mwenyewe akifariki, watoto wake watakuja kuuliza.