Ufizi wa Mtoto na Mwamba wa Malameni

Ukipanda kutoka Makanya kwenda Vudee kwa njia ya Bangalala, mawe utayaona kila upande: mawe ya makinga ya udongo mashambani, mawe ya kingo za ndiva, yale mabwawa ya jadi yanayojazwa maji usiku ili kukicha yafunguliwe kwenda kwenye mahindi na maharage. Zamani hata wazee waliokufa hawakuachwa mbali na miamba. Baada ya miaka kadhaa fuvu la mkuu wa ukoo lilifukuliwa na kuhifadhiwa kwenye miamba ya mpungi, yaani msitu mtakatifu wa ukoo, na huko ndiko watu walikokwenda kuomba mvua, afya na watoto.

Hata hivyo mwamba unaotajwa kuliko yote kusini mwa Upare hausifiwi kwa kuleta watoto. Malameni, upande wa Mbaga, ni jabali la mita 110 hivi, na simulizi za huko zasema hadi miaka ya 1930 watoto walioaminika kuwa na mkosi walipelekwa pale kutuliza mizimu. Kosa la mtoto lilikuwa nini? Mara nyingi ni jino.

Mtoto akikaribia miezi sita huanza kudondosha udenda na kutafuna kila anachoshika. Bibi ananawa mkono, anamfungua mdomo mjukuu, anapitisha kidole kwenye ufizi wa chini, kisha wa juu. Akikuta kitu kigumu chini, kicheko. Akikikuta juu, huyo ni kigego, na neno hilo si la Wapare peke yao. Pwani nzima inalijua, na mpaka leo mtu mkorofi huitwa kigego bila anayemwita kujua limetoka wapi. Iliaminika kwamba mtoto huyo akiachwa akue, ndugu watakufa na mvua itagoma. Ukweli ni kwamba watoto wengi huanza na meno mawili ya chini na wachache huanza na ya juu, na hao wachache hawana tofauti nyingine yoyote.

Wamisionari wa Kijerumani waliandika sana juu ya imani za Wapare. Jakob Dannholz, Mlutheri aliyekaa Mbaga, alitoa kitabu chake mwaka 1916, na Ernst Kotz, Msabato, akafuata mwaka 1922. Wote wawili walichagua majina ya vitabu yanayomwonyesha Mpare kuwa mfungwa: wa mizimu kwa mmoja, wa hofu kwa mwingine. Tunawashukuru kwa kuandika, ila msomaji wa nyumbani atawauliza kama kwao Ulaya hofu hiyo haikuwapo.

Ilikuwapo, tena kwenye mawe. Uskoti, begani mwa mlima Ben Avon, kuna miamba iitwayo Clach Bhan yenye mashimo yaliyochimbwa na hali ya hewa. Wajawazito walipanda huko na kukaa ndani ya mashimo hayo wakiomba uzazi mwepesi. Huko Gourock wachumba walizunguka jiwe la Kempock kupata baraka ya ndoa, na mwaka 1662 msichana Mary Lamont alihukumiwa kifo kwa uchawi, baada ya kukiri kwamba yeye na wenzake walitaka kulitupa jiwe hilo baharini. Katika bonde la Glen Lyon, mawe yanayoitwa bibi, babu na watoto wao hutolewa kwenye kijumba chao mwezi Mei na kurudishwa Novemba, ili malisho na mifugo vistawi.

Kwa hiyo sikubaliani na anayeona Malameni ni ushahidi wa ukatili wa Wapare. Jiwe la Uskoti lililoombwa na jiwe la Mbaga lililoogopwa yalitoka kwenye swali moja, la watu wasio na hospitali: kwa nini huyu amezaa salama na yule amezika? Tofauti ninayoiona mimi ni ya mwanamke. Kule Ben Avon alipanda mwenyewe, kwa haja yake. Huku mtoto wake alihukumiwa na ukoo, naye mama akabaki na maziwa kifuani. Simulizi ninazozisikia hutaja wazee, mizimu na urefu wa jabali, mama hatajwi.

Leo Malameni ni kituo cha watalii, na sioni ubaya. Ninachowaomba wanaopeleka wageni ni kwamba wasiishie kwenye urefu wa mwamba. Wawaulize bibi wa Mbaga na Vudee, wangali hai, waliyoyasikia kwa mama zao. Na wewe ambaye mwanao ameanza na meno ya juu, usihangaike kutafuta dawa. Mpeleke kliniki siku yake ya chanjo, kama watoto wengine.