Je, Wajua Kuna Matairi ya Theluji Kampala?

Theluji ya kudumu ya Uganda iko juu ya milima ya Rwenzori tu, kuzunguka kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Kampala haijui baridi ya namna hiyo: alfajiri yake huwa na nyuzijoto 17 hivi, mchana 27 au 28. Hata hivyo, ukipita kwenye maegesho ya magari ya mtumba na kuinama kusoma ubavu wa tairi, si ajabu ukute herufi zinazosema STUDLESS. Hilo ni tairi la theluji kutoka Japani.

Safari yake inaeleweka. Kisiwani Hokkaido na kaskazini mwa Honshu, mwenye gari huwa na seti mbili za magurudumu, moja ya kiangazi na moja ya majira ya baridi, na huzibadilisha mara mbili kwa mwaka. Gari likiuzwa mnadani wakati wa baridi, linaweza kupanda meli na seti iliyofungwa siku hiyo, likashuka Mombasa na kupandishwa hadi Kampala bila mtu kuuliza matairi yake yalitengenezwa kwa barabara gani.

Zamani Wajapani walitumia matairi yenye misumari ya chuma. Misumari ilishika barafu vizuri, lakini barafu ilipoyeyuka ilikwangua lami na kujaza vumbi katika miji kama Sapporo na Sendai. Mwaka 1988 Bridgestone ilileta Blizzak, tairi la theluji lisilo na misumari, na mwaka 1990 Japani ikapitisha sheria ya kuzuia misumari. Kazi ya misumari ikachukuliwa na mpira wenyewe: laini mno, wenye mikato myembamba mingi inayong’ang’ania barafu.

Ulaini huo ndio sifa yake kwenye baridi, na ndio kasoro yake Kampala. Mpira wa kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Wa theluji hubaki laini. Kwenye lami iliyopigwa na jua, mpira huo hulegea, huyumba kwenye kona, huhitaji nafasi ndefu zaidi ya kusimama breki zinapokanyagwa, na huisha haraka. Katika foleni ya Wandegeya dereva huenda asione tofauti. Kwenye barabara ya kulipia ya Kampala–Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018 na kuruhusu kilomita 100 kwa saa, tofauti hiyo inaweza kuwa ajali.

Magurudumu hayo ya baridi yana jambo la pili ambalo wanunuzi wengi hawalioni: mara nyingi hayana kihisi cha upepo, kile ambacho mafundi huita sensa.

Porsche 959 ya mwaka 1986 ndiyo gari dogo la kwanza kuuzwa likiwa na mfumo wa kuangalia upepo wa matairi. Kwa miaka mingi teknolojia hiyo ilibaki ya magari ya bei kubwa, hadi lilipotokea janga la Marekani. Mwezi Agosti mwaka 2000 Firestone iliondoa sokoni matairi milioni 6.5, mengi yakiwa ya Ford Explorer, baada ya uso wa matairi hayo kubanduka gari likiwa kwenye mwendo. Zaidi ya watu 200 walikufa. Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria, na kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya nchini humo lililazimika kumwonya dereva tairi linapopungukiwa upepo kwa asilimia 25. Umoja wa Ulaya uliyataka magari mapya yote yawe na mfumo huo kuanzia Novemba 2014. Japani haikulazimisha.

Ndiyo maana Toyota Premio iliyotoka Japani kwa kawaida haina taa ya kuonya upepo wa matairi, ilhali gari la mwaka 2015 lililotoka Uingereza, ambako nako usukani uko kulia, linayo.

Mfumo wenyewe uko wa aina mbili. Wa kwanza hutumia vihisi vya breki za ABS: tairi lililopungua upepo hupungua kimo kidogo, hivyo huzunguka haraka kuliko wenzake, na kompyuta hugundua. Wa pili huweka kihisi ndani ya kila gurudumu, kwenye vali, chenye betri na namba yake ya pekee, kinachotuma habari kwa redio. Gari la aina hii likifungwa magurudumu yasiyo na vihisi, taa ya njano yenye alama ya mshangao humweta kwa dakika moja hivi kila linapowashwa, kisha hubaki ikiwaka.

Mmweto huo una maana. Taa inayowaka moja kwa moja bila kumweta inasema upepo umepungua. Inayomweta kwanza inasema mfumo hauoni tena. Dereva aliyeizoea taa ya pili ameachwa bila mlinzi, kwa sababu hata tairi likitobolewa na msumari barabara ya Masaka, dashibodi haitakuwa na jipya la kumwambia. Kuchomoa balbu hakuongezi upepo.

Umri wa magari unaongeza uzito wa jambo hili. Tangu 2018 Uganda imekataza kuingiza magari yaliyozidi miaka 15 tangu kutengenezwa, na betri ya kihisi hudumu miaka 5 hadi 10. Gari la miaka 12 linaweza kuwasili na vihisi vyake vyote vinne, na vyote vikawa vimekufa.

Upepo mdogo huua tairi kwa joto. Ubavu hukunjwa na kunyooka kila mzunguko, mkunjo huzaa joto, na joto likizidi mpira huachana na nyuzi za chuma zilizo ndani. Tairi laini la theluji, lililopungua upepo, kwenye gari lililojaa abiria na mizigo, linabeba hatari zote tatu kwa pamoja.

Kinga ni geji ya mkononi. Upepo hupimwa asubuhi, tairi likiwa limepoa, kwa kufuata kibandiko cha mlangoni kwa dereva, si kwa mazoea ya kituo cha mafuta. Tairi lililojazwa psi 32 Mombasa husoma karibu 34 Kampala katika joto lilelile, kwa kuwa hewa ya mwinuko wa mita 1,190 ni nyepesi. Tairi la akiba lisisahauliwe. Umri wa tairi husomwa kwenye tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019.

Anayetaka taa ifanye kazi tena anunue vihisi vinavyolingana na gari lake kabla ya kuvua matairi ya theluji, ili fundi avifunge pamoja na matairi mapya kwa mvuo mmoja. Magari ya Ulaya husikiliza masafa ya 433 MHz. Kihisi cha 315 MHz, kinachotumika kwenye magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani, hakitasikika humo hata kikiwa kizima.