Watengeneza Pampu za Petroli Wafundisha Watu Hatari ya Cheche Ndogo

Neno "boza" wengi wetu tunalijua. Wakati wa kiangazi boza la maji likiingia kijijini, ndoo zinapangwa foleni na maneno hayakosekani. Lakini tumewahi kujiuliza neno hilo lilitoka wapi? Lilitoka kwenye jina la mtu. Alikuwa Mmarekani, Sylvanus Bowser, wa mji wa Fort Wayne katika jimbo la Indiana. Mwaka 1885 alimtengenezea mwenye duka mmoja pampu ya kupimia mafuta ya taa. Inasimuliwa kuwa pipa la mafuta pale dukani lilikuwa linavuja na kuharibu siagi. Baadaye magari yakaja, na kiwanda chake kikatengeneza pampu za petroli. Jina lake likazoeleka mpaka likawa jina la chombo.

Basi leo tunataka kueleza kazi moja ya hao watengeneza pampu. Siyo kazi ya kuuza. Ni kazi ya kufundisha watu bure.

Huko Marekani watengenezaji wa pampu, wauzaji wake na mafundi wanaozifunga wana chama chao. Kinaitwa Petroleum Equipment Institute, kilianzishwa mwaka 1951, na makao yake ni mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma. Mafundi wa viwanda vinavyoshindana sokoni wanakaa meza moja na kuandika vitabu vya kuelekeza kazi. Kwa mfano, wameandika namna ya kufukia matangi ya mafuta ardhini ili yasivuje na kuharibu maji ya visima. Lakini jambo lililowafikia watu wa kawaida zaidi ni lile la moto.

MOTO USIO NA KIBERITI

Katika miaka ya 1990 zilianza kusikika habari za ajabu. Mtu anajaza petroli kwenye gari lake, havuti sigara, injini imezimwa, mara moto unalipuka pale pale kwenye mdomo wa tangi! Wengi walisema ni simu za mkononi. Chama kile hakikukimbilia kusema hivyo. Kilianza kukusanya taarifa, moja moja: nani alikuwa anajaza, alivaa nini, hali ya hewa ilikuwaje, alifanya nini kabla ya moto kutokea. Zilipatikana taarifa zaidi ya 150. Hakukuwa na hata moja iliyothibitisha kuwa simu ndiyo iliyowasha.

Walichokiona ni hiki. Marekani mahali pengi mwenye gari anajijazia mwenyewe. Anatia mdomo wa mpira kwenye tangi, anaubana ujijaze wenyewe, halafu anarudi kuketi ndani ya gari, pengine kwa sababu ya baridi. Nguo zake zinasuguana na kiti. Akitoka, anakwenda moja kwa moja kushika ule mdomo wa chuma. Cheche inaruka kutoka kidoleni. Pale kuna mvuke wa petroli. Moto!

Je, cheche inatoka wapi? Fanya jaribio hili nyumbani. Chukua kitana cha plastiki, chana nywele zilizo kavu mara nyingi, halafu kisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Utaona karatasi zinaruka na kushika kitana. Huo ni umeme unaotokana na vitu kusuguana. Ndio ule unaolia "ta, ta, ta" ukivua sweta gizani wakati wa baridi kavu. Hewa ikiwa na unyevu, umeme huo unapotea upesi. Hewa ikiwa kavu, unakaa mwilini ukingoja chuma cha kurukia. Mwili wenyewe hauudhuriki, unashtuka kidogo tu. Kwa mvuke wa petroli, cheche hiyo inatosha kabisa.

Tena kumbukeni kinachoshika moto ni mvuke. Petroli hutoa mvuke hata kwenye baridi kali, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unatambaa chini. Dizeli haitoi mvuke wa kutosha kirahisi hivyo. Ndiyo maana habari hizi zinahusu hasa petroli.

Chama kikaanza kampeni ya kuwaonya watu. Mafunzo yalikuwa mafupi: usirudi ndani ya gari wakati mafuta yanaingia; ukilazimika kurudi, ukitoka gusa kwanza bati la gari mbali na mdomo wa tangi. Na moto ukiwaka, usichomoe mpira! Uache pale pale, rudi nyuma, mwite mhudumu azime pampu. Mtu akichomoa, anamwaga petroli inayowaka miguuni pake.

Pengine mtasema, hao wanajitetea tu, maana pampu ikiungua lawama ni kwa aliyeitengeneza. Ni kweli, faida yao ipo. Sisi hatuoni ubaya. Maonyo hayo yanamsaidia hata mtu asiyejua ni kiwanda gani kilichotengeneza pampu anayoitumia.

NA SISI JE?

Kwetu mhudumu wa sheli ndiye anayejaza, kwa hiyo hatari ile ya kurudi kuketi ni ndogo. Hatari yetu iko kwenye dumu. Mwenye mashine ya kusaga, mwenye pampu ya kumwagilia bustani, wote hao wanapeleka madumu sheli. Na madumu yenyewe yanajazwa yakiwa nyuma ya pikapu.

Huko Marekani moto wa namna hii ulitokea pia. Petroli ikipita kwenye mpira na kumwagika ndani ya dumu, yenyewe inajenga umeme. Dumu likiwa juu ya ardhi, umeme una njia ya kushukia. Likiwa juu ya plastiki iliyotandikwa kwenye bodi ya pikapu, hauna pa kwenda. Unangoja mdomo wa chuma usogee, na cheche inaruka.

Kwa hiyo teremsha dumu, liweke chini. Mwambie mhudumu aache mdomo wa mpira uguse mdomo wa dumu tangu mwanzo mpaka mwisho, na asifungulie kwa nguvu. Asijaze mpaka juu kabisa, maana petroli ikipata joto inatanuka. Mhudumu akikuambia, "Mzee, mbona unanichelewesha, foleni ndefu," mjibu kwa upole, lakini dumu lisirudi kwenye pikapu mpaka lijae na kufungwa kifuniko.