Maua mbele ya nyumba: je, ni kupoteza udongo?

Hapa Goma udongo ni kitu cha kununua. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji, na mpaka leo parseli nyingi ni mawe meusi. Anayetaka bustani huleta udongo kwa mifuko, akaumwaga juu ya mawe hayo au akaujaza katika ndoo na mabeseni yaliyotoboka.

Kwa hiyo nilipomkuta mama mmoja wa kanisa letu amepanda maua mbele ya nyumba anayopanga, nilimwuliza: "Mama, udongo huu si ungetosha lengalenga ya watoto?"

Alinijibu kwa heshima: "Baba Pasta, lengalenga iko nyuma ya nyumba. Tunachuma, tunakula. Lakini asubuhi watoto wanakimbilia maua haya kuangalia kama yamefunguka. Tangu tulipokimbia kijiji chetu, sikuwa nimewaona wakikimbia kwa furaha."

Mimi niliyekwenda kufundisha nilirudi nimefundishwa. Nikafungua tena Matayo 6. Pale Yesu anasema na watu wenye mashaka juu ya chakula na mavazi, si na watu walioshiba. Watu hao ndio anaowaambia watazame maua ya shamba. Neno la Kigiriki lililotumiwa pale halisemi kutupa jicho tu. Lina maana ya kuchunguza mpaka ujifunze. Basi ua ni somo: Mungu amelivika uzuri kuliko Sulemani, ingawa linadumu muda mfupi. Mtoto anayeangalia ua likifunguka anasoma somo hilo kabla hajajua kusoma.

Kumbukeni pia Yeremia 29. Nabii aliwaandikia wahamishwa wa Babeli wajenge nyumba na wapande bustani. Ni kweli, alitaja bustani za kula matunda yake, hakutaja maua. Lakini kila anayepanda kitu anakiri kwamba kesho iko mikononi mwa Mungu. Kwa familia iliyokimbia vita, kukiri huko si jambo dogo.

Tena maua hayadai pesa nyingi. Omba jirani kijiti cha bugenvilea, ukichomeke katika udongo wenye unyevu. Ua la kana, lenye majani mapana, hugawanywa kwa mizizi yake minene: shina moja linaweza kutosha nyumba tatu. Maganda ya ndizi na ya viazi yakioza vizuri yanakuwa mbolea. Maua huita nyuki pia, nao nyuki wana kazi kwenye maboga. Boga lina ua dume na ua jike, na nyuki ndiye anayebeba unga wa ua kutoka moja hadi lingine. Asipofika, boga halishiki.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Msiache maji yasimame katika visahani vya chini ya vyungu, maana mbu huzaa humo. Na lile ua kubwa linaloning'inia kama tarumbeta, ambalo wengi wetu tunalo kwenye ua wa nyumba, lina sumu. Watoto wasiliweke mdomoni.

Sisemi kwamba ua linashibisha. Jirani mwenye njaa anahitaji unga, na kanisa lisimpe waridi badala yake. Lakini tusiwaambie maskini kwamba furaha ya macho ni ya matajiri peke yao, kwa maana Muumba hakufanya hivyo.

Siku ile mama alinikatia kijiti cha bugenvilea. Kiko mlangoni petu katika ndoo ya zamani, na watoto wangu wanagombania zamu ya kukimwagilia. Wewe nawe, juma hili, mwombe jirani kijiti kimoja.

Bwana awabariki pamoja na nyumba zenu.