Gharama ya Utumbo Uliochachamaa

Kati ya mwaka 1990 na 2017, idadi ya watu wanaoishi na uvimbe sugu wa utumbo duniani ilipanda kutoka milioni 3.7 hadi zaidi ya milioni 6.8. Magonjwa yenyewe hasa ni mawili, ugonjwa wa Crohn na kolaitisi ya vidonda. Huwapata wengi wangali vijana, na hukaa nao maisha yao yote. Kliniki huwauliza wameenda choo mara ngapi, kama kuna damu, uzito umepungua kilo ngapi. Kuhusu mishipa ya moyo na ya ubongo huwauliza mara chache mno, nami naona hilo ni kosa linalogharimu maisha.

Takwimu bora zinatoka Denmark, ambako tangu 1968 kila mkazi ana namba moja ya utambulisho, na dawa anazoandikiwa pamoja na kulazwa kwake huingizwa chini ya namba hiyo. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 20,795, wenye wastani wa umri wa miaka 40, wakawalinganisha na watu karibu 200,000 wasio na ugonjwa. Kwa jumla, hatari ya mshtuko wa moyo ilizidi kwa asilimia 17. Wengi wangeishia hapo. Walipotenga vipindi vya ugonjwa kuchachamaa na vipindi vya kutulia, picha ikawa nyingine: ukichachamaa, hatari ya mshtuko wa moyo ilizidi kwa asilimia 49, ya kiharusi kwa asilimia 53, na ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ikafika mara 2.35. Ukitulia, hatari ya mshtuko wa moyo ilirudi karibu sawa na ya watu wengine. Ni kweli kwamba kuchachamaa kulitambuliwa kwa kulazwa na kwa dawa za steroidi, ambazo zenyewe hupandisha shinikizo la damu na sukari. Sehemu ya mzigo huenda ni ya dawa hizo.

Utumbo ukiwaka, kemikali za uvimbe kama TNF huzunguka na damu mwili mzima. Utando wa ndani wa ateri huanza kunata. Chembe nyeupe za damu hupenya ukutani, humeza kolesteroli mpaka zikafura, na uvimbe wa mafuta hujengeka hapo. Kemikali zilezile hula kifuniko cha uvimbe huo. Kikipasuka, damu huganda juu yake na njia huziba. Yote haya hayahitaji kolesteroli nyingi, na wagonjwa wengi wa utumbo wana kolesteroli ya chini na miili myembamba. Ndiyo maana QRISK3, kikokotoo cha hatari ya moyo kilichotolewa Uingereza mwaka 2017, kinaweza kumpa kijana wa Crohn alama ya kutuliza roho: kinauliza kuhusu baridi yabisi, lupasi na steroidi, lakini utumbo hakiuulizi.

Je, ni watu wangapi hasa? Sweden iliwafuatilia wagonjwa 85,006. Viharusi vilikuwa 32.6 kwa kila watu 10,000 kwa mwaka, dhidi ya 27.7 kwa wasio wagonjwa. Tofauti ni watu watano hivi kati ya 10,000. Inaonekana ndogo, lakini ugonjwa huu hauishi kwa mwaka mmoja: katika miaka 25 ilitoka kiharusi kimoja cha ziada kwa kila wagonjwa 93. Nchini Ufaransa, ongezeko kubwa zaidi la matukio ya ateri kuziba lilikuwa kwa walio chini ya miaka 55, watu wenye watoto wa kusomesha.

Ufaransa hiyohiyo, kati ya wagonjwa 177,827, waliokuwa kwenye dawa za kuzuia TNF walikuwa na matukio hayo pungufu kwa asilimia 21. Huo ni ufuatiliaji, haukuwa jaribio la kugawa dawa kwa kura, kwa hiyo hauthibitishi kila kitu. Wala si kila dawa inayotuliza utumbo inaulinda moyo: tofasitinibu, ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa baridi yabisi wenye miaka 50 na zaidi, ilileta matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 3.4, dhidi ya 2.5 kwa waliopewa dawa za kuzuia TNF.

Kikwazo cha kuwapa wagonjwa dawa za kuzuia TNF mapema kilikuwa bei. Hadi 2018, huduma ya afya ya Uingereza ilitumia zaidi ya pauni milioni 400 kwa mwaka kununua adalimumabu, sindano ya kuzuia TNF, kwa wagonjwa wapatao 46,000 wa utumbo, viungo na ngozi. Ni karibu pauni 8,700 kwa mtu. Hataza ilipoisha Oktoba mwaka huo na dawa mfanano kuingia sokoni, huduma hiyo ilitarajia kuokoa hadi pauni milioni 300 kila mwaka; kwa idadi ileile ya wagonjwa, bei ingeshuka hadi pauni 2,200 hivi kwa mtu. Mpango wa bima unaomsubirisha mgonjwa mpaka ugonjwa wake uchachamae mara mbili au tatu ndipo apewe sindano bado unapiga hesabu ya bei ya zamani, na haujaweka humo kitanda cha wodi ya kiharusi.