Blenda iliyosaga mwiko yashindwa na tangawizi Omurushaka!

Leo naomba tuweke pembeni habari za nani kaonekana na nani ukumbini, tuingie jikoni. Usikunje uso, kijana. Huko jikoni ndiko mshiko wako unakoungulia siku hizi, na kibaya zaidi unaungua huku mwenyewe unacheka.

Nasema unacheka kwa sababu mauzo ya vyombo vya jikoni yamegeuka kuwa vichekesho. Fungua simu yako sasa hivi. Utamkuta jamaa kavaa helmeti ya bodaboda anasaga mkaa kwenye blenda. Ukipitisha kidole, unamkuta dada kapanda juu ya sufuria kwa miguu miwili kuonyesha kwamba halibonyei. Wa tatu anakaanga yai bila mafuta, kisha analipuliza kwa mdomo linateleza kama gari kwenye utelezi. Ukimaliza kucheka unatafuta namba ya simu. Hapo ndipo umekwisha!

Mimi nimekwisha mara moja, na si peke yangu. Nilimponza na shangazi yangu.

Shangazi anauza juisi pale Omurushaka, wilayani Karagwe, karibu na njia inapochepuka kuelekea Nkwenda hadi Murongo, mpakani na Uganda. Kwa wasiopajua, Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe mpaka ilipopewa wilaya yake mwaka 2012, lakini abiria wa pande zote mbili bado wanakutana hapo, wengi wao wakiwa na kiu. Shangazi alikuwa anatwanga tangawizi kwenye kinu na kukamua pasheni na nanasi kwa mkono. Mkono ukachoka.

Nilikuwa nyumbani likizo binti yake alipotuletea video. Kijana mmoja mwenye duka Kariakoo, kavaa koti jeupe la daktari, anatumbukiza mwiko wa mbao ndani ya blenda. Grrrrr! Mwiko umekuwa vumbi. Anatumbukiza barafu, inakuwa unga. Anaigeukia kamera na kusema eti kama mwiko umesalimu amri, tangawizi ni nani?

Shangazi alicheka mpaka kanga ikamvuka begani. "Mwanangu," akaniambia, "huyo ndiye ninayemtaka mimi."

Shilingi 65,000, nauli ya mzigo mbali. Nikatuma hela kwa simu kifua mbele, mpwa mwenye uwezo. Mzigo ukafika na basi, umefungwa vizuri, boksi linang'aa. Siku ya kwanza shangwe. Wiki ya pili, saa sita mchana, wateja wamejaa, tangawizi imo ndani ya jagi, tukasikia mlio umebadilika. Kisha harufu ya waya unaoungua. Kisha moshi. Kisha kimya.

Nikampigia kijana wa koti jeupe. Mara ya kwanza akasema hanisikii vizuri. Mara ya pili akasema tumeitumia vibaya. Mara ya tatu namba yangu ikawa haipiti tena. Ndugu yenu nilikuwa nimepigwa changa la macho mchana kweupe!

KOTI JEUPE LILIKOTOKA

Hasira zikanipeleka kuichunguza ile video, nikaisimamisha kipande kwa kipande. Nilichokiona kilinitia aibu. Mwiko unapoingia, blenda ina kitako kipana cheusi. Kamera inamrukia kijana usoni, anatoa kichekesho, halafu inarudi. Kitako sasa ni chembamba na cheupe, sawasawa na cha shangazi! Wakati sisi tunacheka, blenda imebadilishwa. Kichekesho ndiyo iliyokuwa pazia.

Hata koti lenyewe ni la kuazima. Mwenye koti hasa ni Mmarekani mmoja, Tom Dickson, mhandisi wa jimbo la Utah aliyeanzisha kampuni ya blenda inayoitwa Blendtec. Mzee huyu alikuwa na mazoea ya kujaribu mashine zake kwa kuzitumbukizia vipande vya mbao kiwandani, apate kujua zitavunjika wapi. Mwaka 2006 mkuu wake wa masoko, George Wright, aliyekuwa mgeni hapo kazini, akaona vumbi la mbao sakafuni. Akauliza kulikoni. Alipoambiwa, akaona dili.

Walitumia dola 50 tu kununua koti jeupe, reki ya bustani, gololi, kuku wa kuchoma na vikorokoro vingine. Wakapiga video tano fupi wakaziweka YouTube, mtandao ambao wakati huo ulikuwa na umri wa mwaka mmoja na ushei. Kila video inaanza na swali lile lile: Je, itasaga? Katika siku chache zikatazamwa mara milioni kadhaa. Julai 2007, simu ya iPhone ikiwa haijamaliza hata mwezi madukani, mzee akaitumbukiza nzima nzima, ikawa unga mweusi na moshi. Dunia ikapiga yowe. Kampuni ilisema mauzo yake ya blenda za nyumbani yalipanda kwa asilimia 700.

Sasa wewe kijana wa mjini utasema, si wote ni wasanii tu? Hapana bwana, tusichanganye pumba na mchele. Mzee wa Utah alikuwa anasaga kwa mashine ile ile anayouza, na lile jaribio lilikuwepo kiwandani kabla ya kamera kufika. Wright hakutunga kitu, alifungua mlango tu watu wachungulie. Wa Kariakoo alianza na kamera, mashine akaitafuta baadaye.

Tena kuna jambo la pili ambalo video za Utah zenyewe hazikulipigia kelele. Blenda ile ilikuwa inauzwa kama dola 400 na inavuta zaidi ya wati 1,500. Ya shangazi iliandikwa wati 350 kwenye kitako, maandishi madogo ambayo hakuna aliyeyasoma, mimi nikiwa wa kwanza. Unaponunua wati 350 huku akili yako inaangalia wati 1,500, hata muuzaji akiwa malaika utaumia.

Na hapa nimtendee haki kijana wa Kariakoo kidogo. Mota ndogo ikikutana na tangawizi yenye nyuzi inalemewa, inavuta umeme mwingi na kupata joto. Ndiyo maana vikaratasi vya blenda nyingi ndogo vinasema saga kwa dakika moja hivi, kisha ipumzike. Sisi tulikuwa tunasaga foleni nzima bila kupumzika. Na umeme ukicheza, ukashuka nguvu huku mzigo uko pale pale, mota ndiyo inayoumia. Lakini mbona hayo hakuyasema kwenye video? Kwa sababu hayachekeshi!

ULIZA SWALI LA JIKONI KWAKO

Somo nililolipata ni hili. Swali la "Je, itasaga mwiko?" si langu wala si lako. Nani anakunywa mwiko? Swali letu ni je, itasaga tangawizi ya shangazi, kwa umeme wa Omurushaka, foleni ikiwa ndefu, kila siku ya Mungu?

Chukua mfano wa ndizi, maana huwezi kuitaja Karagwe bila ndizi. Video nyingi zinaonyesha ndizi mbivu inageuka laini ndani ya sekunde kumi, watu wanapiga makofi. Lakini mwulize Mnyambo yeyote kuhusu omuramba, ile juisi ya ndizi inayotangulia rubisi. Wazee wanachukua ndizi mbivu za aina yake na majani makavu, wanakanda mpaka maji matamu yanajitenga na kuchuruzika. Ukiitia ndizi hiyo hiyo kwenye blenda unapata uji mzito, hata uwe na mashine ya dola 400. Mashine imefanya kazi yake sawasawa, ila kazi yenyewe siyo uliyokuwa unaitaka. Majani yanashinda mota! Hilo huliambiwi na video yoyote, unaambiwa na bibi yako.

Kwa hiyo kabla hujatuma hata senti, fanya kama ninavyofanya mimi sasa:

Kwanza, itazame video mara ya pili bila sauti. Kichekesho kikiondoka unabaki na mashine. Hesabu kamera imekatwa mara ngapi, na angalia kama kitako, jagi na waya ni vile vile mwanzo hadi mwisho.

Pili, omba picha ya kile kibandiko cha chini chenye wati. Muuzaji wa kweli atakupiga picha. Mwenye longolongo atakutumia tena ile video.

Tatu, mpigie simu ya video akuwashie mashine yenyewe utakayotumiwa, na asage kitu unachokitaja wewe papo hapo.

Nne, dai risiti na muda wa dhamana kwa maandishi, na uulize alama ya ubora ya TBS. Ukishapigwa, usikae unanung'unika vibarazani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani, FCC, ipo kwa ajili hiyo. Lakini bila risiti utakwenda kuwasimulia hadithi tu, kama ninavyokusimulia wewe sasa. Mimi sikuwa nayo.

MAHARAGE YATOA HUKUMU

Ungedhani shangazi amekoma. Thubutu! Miezi michache baadaye akaniambia ameona video nyingine, safari hii presha kuka ya umeme. Mama mmoja kafunga kiatu chake cha zamani ndani ya presha kuka, akadai kimeiva. "Lakini mwanangu," akasema, "mimi sili viatu. Nataka kuona maharage."

Hapo nikajua somo limemwingia kuliko mimi.

Na suala la maharage si mchezo. Kwetu chakula ni ndizi na maharage, na maharage makavu yanaweza kukaa jikoni saa tatu yakila kuni. Wanaotoka macho mekundu kwa moshi ni akina mama na mabinti. Mei 8, 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Kenya nako shirika la umeme lilianzisha kampeni ya Pika na Power kuwaonyesha watu ugali na githeri vinavyopikwa kwa umeme. Kwa hiyo video za namna hii zitaongezeka, hazitapungua, na mama aliyeumizwa na presha kuka moja ya usanii atarudi kwenye mafiga matatu na hutamtoa tena. Hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko ile 65,000 yangu.

Basi shangazi akafunga nusu kilo ya maharage yake mwenyewe, makavu, hayakulowekwa, tukaenda duka moja pale Kayanga lenye presha kuka za umeme. Akamsalimia mwenye duka, akamweleza shida yake. "Kaka, sitaki maneno. Yapike nione."

Yule bwana akasita. Kisha akacheka, akaleta maji, akachomeka. Tukaangalia LUKU inasoma ngapi. Tukakaa kwenye benchi. Watu wakaanza kujaa, wengine wakiweka dau kwamba yatakuwa mawe. Kijana mmoja wa bodaboda akatoa simu akaanza kurekodi, bila koti jeupe, bila helmeti hata.

Baada ya dakika 50 na kitu, presha ilipotolewa, shangazi akachukua punje moja akaibonyeza kwa kidole gumba. Ikapondeka. Akachukua ya pili, ikapondeka. Ya tatu akaitia mdomoni, akafumba macho. Duka zima likanyamaza kama kanisani.

"Yameiva," akasema. "Ila yanataka chumvi."

Kicheko kilichotoka hapo, we acha tu! LUKU ilikuwa imepungua kama nusu uniti, na humo humo taa za duka zilikuwa zinawaka. Shangazi akalipa, akadai risiti, akaisoma mstari kwa mstari huku mwenye duka akikuna kichwa.

Ile video ya kijana wa bodaboda ikazunguka kwenye simu za watu mpaka Nkwenda. Haijakatwa hata mara moja, picha inatikisika, na nusu yake ni watu wamekaa kwenye benchi wanasubiri. Mwenye duka aliniambia ilimletea wateja, na wengine walikuja na maharage yao mkononi.

Blenda iliyoungua bado ipo juu ya kabati la shangazi. Nilimwambia aitupe, akakataa. Jagi lake anachotea maji, kitako kakiacha pale makusudi. Kila binti yake anapokuja mbio na simu, "Mama, hebu ona hii!", yeye anakinyooshea kidole bila kusema kitu.

Tuonane wiki ijayo, na usiache kusoma wati.