Jinsi Kampuni ya IBM Ilivyojichambua Ilipokuwa Ikianguka

Mwaka 1993 kampuni ya kompyuta ya IBM, ya Marekani, ilipata hasara ya dola bilioni 8.1. Mwaka uliotangulia ilikuwa imepoteza karibu dola bilioni 5, na mwaka 1991 zaidi ya dola bilioni 2.8. Hasara hizo ziliipata kampuni ambayo mwaka 1984 ilikuwa na faida ya dola bilioni 6.5, na ambayo kwa zaidi ya miaka ishirini ilidhaniwa kuwa haiwezi kushindwa. Hata hivyo mwaka 1994 ilirudi kwenye faida ya dola bilioni 3. Kilichofanyika katikati ya miaka hiyo ndicho wataalamu wa uongozi wanachokiita uchambuzi wa mikakati: kuchunguza, kwa hesabu na kwa kusikiliza watu, shirika linapata wapi fedha zake, linazipoteza wapi, nani analihitaji na kwa sababu gani, kisha kuamua litashika nini na litaacha nini. Jina la kazi hiyo lina kishindo kuliko kazi yenyewe. Sehemu yake kubwa imo ndani ya uwezo wa katibu yeyote anayejua kusoma mizania, na kwa hiyo habari za IBM zinastahili kuangaliwa na vyama vya ushirika, ijapokuwa kampuni ni mali ya wanahisa na chama ni mali ya wanachama.

Chanzo cha ugonjwa

IBM ilianza mwaka 1911 na kuchukua jina lake la sasa mwaka 1924. Utajiri wake mkubwa ulitokana na mitambo ya System/360, iliyotangazwa mwezi Aprili 1964. Kabla ya hapo mteja aliyetaka kompyuta yenye nguvu zaidi alilazimika kuandika upya programu zake zote. Mitambo ya 360 ilikuwa ukoo mmoja, midogo kwa mikubwa, na programu iliyofanya kazi katika mmoja ilifanya kazi katika mingine. Mabenki, mashirika ya ndege na serikali ziliweka hesabu zao zote humo, na baada ya hapo kuhama ikawa kazi ngumu mno. Kwa kuwa wateja hawakuwa na pa kwenda, bei ilibaki juu na faida ikawa nono.

Mapigo mawili yaliivunja hali hiyo. Kwanza, makampuni ya Amdahl, Fujitsu na Hitachi yalitengeneza kompyuta kubwa zilizoweza kuendesha programu zilezile za IBM kwa bei nafuu. Pili, zilikuja kompyuta ndogo za mezani. IBM haikulala katika jambo hili. Mwezi Agosti 1981 ilitoa kompyuta yake ya mezani, nayo ikapendwa kote duniani. Lakini kwa haraka ya kuingia sokoni ilinunua kichakato, yaani moyo wa mashine, kutoka Intel, na programu ya kuiendesha kutoka Microsoft. Vitu hivyo viwili viliweza kununuliwa na mtu yeyote, na makampuni mengi yakaunda mashine za namna hiyohiyo. Faida ikaenda kwa Intel na Microsoft, na IBM ikabaki na sanduku lenye jina lake.

Ndani ya kampuni mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa kuwa hayakuonekana. Kila idara ilijitawala. Palikuwa na mifumo 266 ya kuweka hesabu za fedha, na watu 128 waliokuwa na cheo cha mkuu wa habari na kompyuta. Idara mbili za kampuni moja ziliweza kwenda kwa mteja mmoja, kila moja ikiponda bidhaa za mwenzake.

Mwenyekiti wa wakati huo, John Akers, aliona ukubwa huo kuwa ndio ugonjwa. Mpango wake ulikuwa kuigawa IBM iwe makampuni madogo yanayojitegemea, na wachunguzi wengi wa masoko ya hisa waliuunga mkono. Mabenki yalikwisha kuanza kutayarisha njia ya kuuza vipande. Mwezi Januari 1993 Akers alitangaza kuwa atajiuzulu. Tarehe 1 Aprili mwaka huohuo nafasi yake ilishikwa na Louis Gerstner, aliyetoka RJR Nabisco, kampuni ya biskuti na sigara. Magazeti yalimcheka: muuza biskuti atajua nini habari za kompyuta? Waliosema hivyo walisahau kwamba kabla ya hapo aliwahi kuwa mmoja wa wakubwa wa American Express, kampuni iliyokuwa ikinunua mitambo ya IBM. Aliijua IBM kama mteja aijuavyo, na elimu hiyo ilikuwa adimu katika jengo lile.

Maswali yaliyoulizwa

Swali la kwanza lilikuwa la fedha taslimu. Faida ya kwenye karatasi inaweza kusubiri. Mishahara na wadai hawasubiri. Mauzo ya kompyuta kubwa, ambayo yalilisha nyumba nzima, yalikuwa yakiporomoka haraka, na ilionekana wazi kwamba yakiendelea hivyo fedha zingekwisha kabla ya mpango wowote wa muda mrefu kuzaa matunda.

Swali la pili lilipelekwa kwa wateja, na hapa ndipo palipokuwa na siri ya jambo lote. Gerstner aliwaagiza viongozi wakuu wapatao 50 kwamba katika muda wa miezi mitatu kila mmoja awatembelee wateja wasiopungua watano kati ya wale wakubwa, asikilize, kisha aandike taarifa ya ukurasa mmoja au miwili. Walio chini yao, kiasi cha watu 200, walitakiwa kufanya vivyo hivyo. Taarifa hizo alizisoma mwenyewe. Ziara ambayo mwisho wake ni karatasi inayosomwa na mkubwa haifanani na ziara ya kunywa chai.

Wateja walisema mambo mawili. Kwamba bei ya kompyuta kubwa imezidi mno, hilo lilitarajiwa. La pili halikutarajiwa. Ofisi zao zilikuwa zimejaa mashine za makampuni mbalimbali na programu za makampuni mengine, ambazo hazikuelewana, na hapakuwa na mtu wa kuziunganisha. Walihitaji mkono mmoja wa kuwajibika kwa mfumo mzima. Vipande vidogo vya kuuza kitu kimoja kimoja vilikuwapo tele Marekani. Mkubwa mwenye ujuzi wa kila upande alikuwa mmoja tu, naye alikuwa mbioni kujikatakata.

Vyuo vya uongozi hufundisha jedwali la vyumba vinne: nguvu, udhaifu, nafasi na hatari. Mara nyingi jedwali hilo hujazwa asubuhi katika semina na kusahauliwa kabla ya chakula cha mchana. Kama viongozi wa IBM wangelijaza wao peke yao mwanzoni mwa mwaka 1993, neno ukubwa lingeandikwa chini ya udhaifu bila ubishi. Wateja ndio waliolihamisha likakaa chini ya nguvu. Jedwali lililojazwa na watu wa ofisini pasipo mnunuzi kuulizwa ni maoni ya ofisi tu.

Swali la tatu lilikuwa la gharama. IBM ilijilinganisha na washindani wake ikakuta kwamba ili kupata dola moja ya mapato yenyewe hutumia senti 42, na wenzake senti 31. Tofauti ya senti 11 ni ndogo machoni. Ikizidishwa kwa mapato yote ya kampuni ilifikia kiasi cha dola bilioni 7 kwa mwaka.

Maamuzi, na waliolipa gharama

Mwezi Julai 1993 maamuzi yalikuwa yamekwisha kufanyika. Kampuni haitagawanywa. Bei ya kompyuta kubwa itashushwa, jambo lililotisha, maana ni kukata mkate wenyewe unaoliwa. Gharama zitapunguzwa, mali zisizozalisha zitauzwa, na gawio la wanahisa litakatwa kutoka dola 2.16 kwa hisa hadi dola 1. Idara iliyohudumia serikali kuu ya Marekani iliuzwa kwa kampuni ya Loral kwa dola bilioni 1.575, si kwa kuwa haikuwa na sifa, bali kwa kuwa fedha zilihitajika. Marupurupu ya viongozi, ambayo zamani yalitegemea matokeo ya idara ya kila mmoja, yakaanza kutegemea matokeo ya kampuni nzima. Badiliko hili la mwisho halikugharimu kitu, nalo lilifanya kazi kubwa: mkuu wa idara hana sababu tena ya kuombea idara ya jirani iharibikiwe.

Kushusha bei kuliwezekana kwa sababu mafundi walikuwa na njia mpya ya kutengeneza vichakato vya kompyuta kubwa, njia iliyohitaji dola bilioni 1 katika miaka minne. Kampuni inayokufa ingeweza kabisa kuahirisha matumizi hayo, IBM iliyalipa. Katika miaka saba bei ya kipimo kimoja cha nguvu ya kompyuta hizo ilishuka kutoka dola 63,000 hadi chini ya dola 2,500. Haki idai: utafiti huo ulianzishwa kabla ya Gerstner kuingia, na kampuni tanzu ya huduma iliyokuja kuwa nguzo ilianzishwa mwaka 1991, enzi za Akers. Takwimu nyingi za habari hii zinatokana na kitabu alichokitoa Gerstner mwenyewe mwaka 2002, na aghalabu aliyeshinda ndiye asimuliaye.

Walioachishwa kazi wana masimulizi mengine. IBM ilijivunia kwa miongo mingi kwamba haimfukuzi mtu kwa sababu ya uhaba wa kazi, na vijana waliingia humo wakijua watastaafu humo. Mwaka 1993 desturi hiyo ilikoma. Mwaka 1985 wafanyakazi walikuwa zaidi ya 405,000; mwishoni mwa mwaka 1994 hawakufika 220,000. Katika bonde la mto Hudson, jimbo la New York, ambako miji ya Poughkeepsie na Kingston ilikuwa imejengeka kuizunguka kampuni hiyo, familia nyingi zilipoteza riziki kwa pamoja, na kiwanda cha Kingston kikafungwa. Uchambuzi ulionyesha senti 11 zilizozidi. Haukuonyesha ni nani angezibeba.

Baada ya hapo sura ya kampuni ilibadilika. Programu yake ya kuendesha kompyuta za mezani, OS/2, iliyokuwa imemeza fedha nyingi ikishindana na Microsoft, iliachwa. Nguvu ikawekwa katika huduma ya kuunganisha na kuendesha mifumo ya wateja, hata kama mashine zimetengenezwa na wapinzani. Mwaka 2001 huduma ziliingiza karibu dola bilioni 35, zaidi ya theluthi moja ya mapato yote. Biashara hiyo ilifika hata Afrika Mashariki: mwaka 2010 kampuni ya simu ya Bharti Airtel iliikabidhi IBM uendeshaji wa mifumo yake ya kompyuta katika nchi 16 za Afrika, zikiwamo Kenya, Tanzania na Uganda.

Katika daftari za chama

Suala la kugawanya au kushika pamoja si geni kwa wanaushirika. Nchini Tanzania vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976 na kazi yake ikapewa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyofungua mlango wa kuvirudisha. Kila chama kikuu kinapoelemewa na madeni, sauti ileile husikika tena kwamba vyama vya msingi viende kila kimoja njia yake. Huenda sauti hiyo ni ya kweli na huenda si ya kweli. Jibu limo katika hesabu na kwa wanachama, ambako ndiko inakopasa kutafutwa kabla ya mkutano mkuu kupiga kura.

Katibu anaweza kuanza na mizania za miaka mitatu. Agawanye matumizi ya uendeshaji kwa mapato, apate chama kinatumia shilingi ngapi ili kupata shilingi mia. Alinganishe na vyama jirani vinavyoshughulikia zao hilohilo, kwa kuwa tarakimu isiyo na mwenzake haisemi kitu. Kisha atenganishe shughuli moja moja: ununuzi wa mazao, duka la pembejeo, lori, mashine ya kukoboa. Mara nyingi hasara ya lori hufichwa na ushuru wa mazao, na kwa miaka mingi wanachama huendelea kuamini kwamba lori linawasaidia. Pengine kweli linawasaidia, kama hakuna mwingine anayefika vijiji vya mbali. Basi hasara hiyo ijulikane, iandikwe, na ikubaliwe kwa kura badala ya kujificha.

Kazi ya kusikiliza ni ngumu zaidi kuliko hesabu. Wajumbe wa halmashauri wagawane vijiji, kila mmoja aonane na wanachama kadhaa, na hasa wale walioacha kuleta mazao chamani wakaanza kumuuzia mlanguzi. Hao ndio wanaojua kasoro ya chama ilipo: mizani, ucheleweshaji wa malipo, au lugha ya karani. Swali la kuwauliza ni fupi: chama kikifungwa kesho, utapungukiwa nini? Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa, yakiwa machungu vilevile, na yaletwe mezani pamoja na zile tarakimu.

Hata majibu mazuri yana umri wake. IBM iliuza biashara yake ya kompyuta za mezani kwa Lenovo ya China mwaka 2005. Mwezi Novemba 2021 iliitenga sehemu kubwa ya biashara yake ya kuendesha mitambo ya wateja ikawa kampuni ya peke yake, iitwayo Kyndryl. Wakati huo wateja walikuwa wamekwisha kuhamisha kazi nyingi kwenye mitambo ya kukodi ya makampuni kama Amazon na Microsoft, na yule mkubwa wa kuunganisha kila kitu chini ya paa moja hakuhitajika tena kama alivyohitajika mwaka 1993.